Mageuko ya pamoja: nyuki mweusi na ua la mtunguja

Jua likishapanda kidogo, simama karibu na mtunguja, ule mmea wa miba na vitunda vya njano unaoota ovyo kandokando ya barabara za Nairobi. Ua lake ni la zambarau, na katikati vimesimama vifuko vya njano vya chavua. Akija nyuki mweusi mnene, yule anayetoboa mbao za paa, sikiliza. Atauma vifuko, ajikunje juu yake, halafu mvumo wake ugeuke kuwa mlio mkali. Hapo mbawa zimetulia. Kinachotetema ni misuli ya kifuani. Chavua hutoka kwa vitundu vya nchani, kama chumvi kwenye kichupa cha kibanda cha chipsi.

Wataalamu huita hayo mageuko ya pamoja: kiumbe mmoja hubadilika kizazi hadi kizazi kwa sababu ya mwenzake, na mwenzake vilevile kwa sababu yake. Nyuki wametokana na nyigu wawindaji, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, mimea ya maua ilipokuwa ikienea. Waliacha kulisha watoto wao wadudu, wakawalisha chavua. Leo kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na walio wengi hawajui mzinga wala asali. Kila jike hujijengea kiota chake.

Watu hupenda kuuita uhusiano huu urafiki. Mimi naona ni biashara ya watu wasioaminiana. Chavua ni chakula cha mtoto wa nyuki, lakini ndiyo mbegu ya kiume ya mmea. Ikiachwa wazi, itakombwa yote. Kwa hiyo mtunguja huifungia na kuitoa kidogo kidogo, kwa anayejua kutetema tu. Nyuki wa asali hajui.

Si ndoa ya wawili, hata hivyo. Nyuki huyohuyo huhudumia biringanya, ndugu wa mtunguja, na wapo nyuki wengine wadogo wanaotetema vilevile.

Tena si kila kinachooana kimekua pamoja. Pasheni asili yake ni Amerika Kusini, na bado nyuki wetu mweusi huichavusha vizuri sana: akiinama kunywa mbochi, yale maji matamu ya ua, mgongo wake hugusa chavua iliyoning'inia juu. Wamekutana shambani tu, na kimo chake kikasadifu.