Klempu sio jeki: ninavyounga mbao kupata ubao mpana

Swali ninaloulizwa sana kuhusu kuunga mbao ubavu kwa ubavu ni "ninunue klempu ngapi?" (klempu ni kile kifaa cha kubania mbao mpaka gundi ikauke) na jibu langu huwa linaudhi watu kidogo, kwa sababu kabla ya kuongelea klempu naomba kwanza nione kingo za mbao zenyewe. Ukingo ukiwa mbovu hata klempu ishirini hazitakusaidia, zitakudanganya tu.

Mi nilidanganywa. Topu ya kwanza ya meza niliyounga ilikuwa na mbao tano, na kati ya ubao wa pili na wa tatu kulikuwa na kauwazi huku mwishoni, kadogo tu, unapitisha karatasi mbili tatu, nikasema aah, klempu itavuta. Na kweli ikavuta, nilizungusha ile skrubu mpaka kiganja kikauma, uwazi ukajifunga, nikaenda kulala roho kwatu. Miezi michache baadaye nakuta ufa palepale, ukucha unaingia. Kumbe ubao ukiupinda kwa nguvu ukaubandika hivyohivyo unakaa umekaza kama upinde, unasubiri tu, na ncha za mbao ndiko unyevu unakotoka haraka kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo zinasinyaa kwanza na zinaachia kwanza. Gundi haikuwa na kosa. Gundi nyeupe ya kawaida ya mbao, kwenye mbao zilizokutana vizuri kwa urefu wa nyuzi za mti (ile mistari ya mbao), ikishakauka ni imara kuliko ubao wenyewe, ukiuvunja kwa makusudi utapasuka pembeni ya kiungo.

Basi siku hizi napima hivi. Ubao mmoja naubana kwenye jiliwa (kile kibanio cha kwenye meza ya kazi), ukingo ukiangalia juu, wa pili naukalisha juu yake, taa naiweka nyuma. Mwanga ukipenya naona wapi pa kupitisha randa. Alafu kuna jaribio moja nalipenda zaidi: nausukuma ubao wa juu kwa kidole upande mmoja, kama unazungusha mshale wa saa. Ukizunguka kirahisi katikati kama pia ya watoto, hapo kati kuna kinundu, na kinundu ndio adui mkubwa kwa sababu ncha zitabaki wazi. Ukigoma na kukwaruza kwenye ncha, safi. Kwenye mbao ndefu huwa naacha makusudi katikati pabonyee kidogo sana, chini ya nusu milimita, ili klempu ya kati ikifunga ncha zinakuwa tayari zimeshikana kwa nguvu. Najua utasema mbona huko nako ni kupinda ubao, ndio, ila ni kidogo mno na unakazia ncha badala ya kuziachia, tofauti kabisa na ile meza yangu.

Kuhusu pembe, usijitese kutafuta nyuzi 90 kamili. Zikunje mbao mbili kama kitabu, kingo zinazokutana zikae pamoja juu, zibane, upige randa zote mbili kwa mpigo mmoja. Hata kama randa imelala kidogo, ubao mmoja ukatoka na nyuzi 91 mwingine utatoka na 89, ukizifungua zinafidiana na topu inalala flati. Ila lazima ukumbuke ubao upi unakaa wapi, kwa hiyo kabla ya yote nazipanga mezani zinavyopendeza nachora pembetatu moja kubwa ya penseli inayopita juu ya mbao zote. Mtu akizichanganya, pembetatu inakwambia.

(Wapo wanaobishana kama pete za mti ziangalie juu zote au zipishane. Mi naangalia sura ya ubao na nyuzi zielekee upande mmoja ili randa isije ikachimba, basi.)

Sasa turudi kwenye hesabu ya klempu. Gundi hii inataka mgandamizo, na kwa mbao laini ni kama kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita mraba, mbao ngumu zaidi ya hapo. Chukua kiungo cha urefu wa sentimita 120 na unene wa sentimita 2.5, hiyo ni sentimita mraba 300, zidisha kwa 8 unapata kilo 2,400. Klempu imara ya bomba, ile ambayo taya zake zinakaa kwenye bomba la chuma, inatoa kilo mia kadhaa ukiikaza vizuri, kwa hiyo ukiwa na tano uko pazuri, ukiwa na mbili za kitoto ndio maana viungo vyako vina mstari mnene wa gundi. Jambo la pili, nguvu ya klempu haiendi moja kwa moja kama mshale, inatawanyika kwenda mbele kwa nyuzi kama 45 kila upande. Ubao wa pembeni ukiwa na upana wa sentimita 15, hiyo nguvu ikifika kwenye kiungo imeshatanuka sentimita 30, ukiweka klempu kila baada ya sentimita 30 umefunika kiungo chote. Ubao wa pembeni ukiwa mwembamba, tuseme sentimita 5, inatanuka 10 tu, hapo ama uongeze klempu ama uegemeze kipande kipana cha mbao chakavu kwa nje kisambaze nguvu. Hicho kipande pia kinazuia klempu isiache alama.

Kabla ya kugusa gundi nabana kavukavu, klempu zote, kila kitu, kama vile ndio yenyewe. Unaweza kuona ni kupoteza muda ila ndipo utakapogundua klempu moja ni fupi au skrubu imekwama, na ni bora ugundue mikono ikiwa mikavu, manake gundi ikishapakwa una dakika 5 mpaka 10 hivi kabla haijaanza kukamata, na kukiwa na joto au upepo ni chini ya hapo. Ndio maana mbao zikizidi tano sijifanyi shujaa, naunga nusu mbili, kesho yake naunganisha hizo nusu kwa kiungo kimoja tu, kazi inafanyika bila jasho.

Gundi napaka na brashi ndogo mpaka ukingo wote ulowe, pasiwe na kipara, nausugua ubao na mwenzie mara mbili tatu mpaka nisikie unaanza kugoma. Alafu klempu zinapishana, moja chini, inayofuata juu, kwa sababu bomba linapinda likikazwa na zote zikikaa upande mmoja topu inakunjika kama bakuli. Skrubu ilenge katikati ya unene. Naanza klempu ya kati, nusu nguvu tu, nikipapasa kiungo kwa kidole, maana kidole kinahisi kijingazi ambacho jicho halioni, napagonga kwa nyundo ya mpira mpaka palingane ndio nasogea kuelekea ncha. Kukiwa na ubishi napitisha mbao mbili nene zilizonyooka, juu na chini, nazibana ncha zake, zimefungwa selotepu pana ili zisigandie hapo milele. Chini ya mabomba naweka nailoni, chuma kikikutana na gundi mbichi kinaacha doa jeusi kwenye mbao, na kwenye mbao kama mwaloni doa hilo linaingia ndani hasa.

Ukikaza sawasawa utaona gundi inatoka vishanga vidogovidogo kwenye mstari mzima. Sehemu isiyo na kishanga ichunguze haraka, ama gundi haikutosha ama pana uwazi. Ikichuruzika kama mto umepaka nyingi, sio dhambi, ni uchafu tu. Na tafadhali usikimbilie kitambaa cha maji, unaisukuma gundi ndani ya vinyweleo vya mbao, siku ya vanishi utaona mabaka yaliyopauka. Iache nusu saa hivi iwe kama ngozi, ikwangue na patasi iliyochoka, inatoka utepe.

Klempu unaweza kutoa baada ya saa moja, mi naacha usiku kucha kwa sababu nguvu kamili inakuja baada ya kama saa 24. Ila kuna mtego hapa. Gundi ina maji, maji yanavimbisha kingo, ukipiga randa ubao ungali umevimba unakuwa flati siku hiyo, baadaye unasinyaa na kila kiungo kinageuka kabonde. Nilishafanya hivyo kwenye mlango wa kabati, nikapaka na vanishi ya kung'aa juu, mwanga wa dirishani ukaonyesha mabonde manne kama matuta ya shamba. Tangu hapo ubao ukitoka kwenye klempu nausimamisha hewa ipite pande zote mbili, naandika tarehe kwa penseli upande wa chini, na randa siigusi mpaka zipite siku mbili tatu.