Wakili wa bure yupo, ila njoo na karatasi zako

Mtu akija ofisini kwetu, ofisi ya msaada wa kisheria, na shauri la ndoa, cha kwanza tunamuuliza fomu namba 3 iko wapi, na wengi wanatuangalia tu. Wamekuja na hasira, na meseji za simu, na shahidi jirani, ila fomu hawana. Hiyo fomu inatolewa na baraza la usuluhishi la ndoa baada ya kushindwa kuwapatanisha, na kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 mahakama haipokei madai ya talaka kama hujapitia baraza, isipokuwa kwa sababu chache kama mwenzio kakutelekeza na hujui alipo, au kafungwa miaka mitano na kuendelea. Baraza lipo kwenye kata, na BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) na baadhi ya makanisa wanayo pia. Kikao cha wajomba sebuleni sio baraza, hata kama mliandika muhtasari mkasaini wote.

Sasa hapo ndo msaada wa kisheria unapoanza, sio siku ya kusimama mbele ya hakimu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria, wengi tunamwita paralego, mtu ambaye pengine anakaa mtaa wako kabisa, kazi yake ni kukuelekeza uanzie wapi, kukusaidia kuandaa nyaraka na kuwashauri mpatane inapowezekana, ila kukuwakilisha mahakamani haruhusiwi, hiyo ni ya wakili. Ukitaka kumpata ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii, au kwa mtendaji wa kata. Huduma hii kwa asiye na uwezo ni bure. Mtu akikwambia toa kidogo ya kufungulia faili, na hela inaingia mfukoni mwake, huyo ni kishoka, yaani tapeli, na vishoka nje ya mahakama wapo wengi na wanavaa suti vizuri kuliko sisi.

Kwenye mali ndo kuna machozi. Kinamama wengi bado wanaamini kama nyumba imeandikwa jina la mume basi wao wanaondoka na vyombo. Hapana. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa, kupika, kulea, kutunza boma, yote hayo. Lakini isikudanganye ukadhani nusu kwa nusu inakuja yenyewe, mahakama inapima mchango wa kila mmoja, kwahiyo risiti ya mabati, daftari la kikoba ulikokopa hela ya tofali, fundi aliyekuwa anapokea hela kwako, vyote hivyo ni ushahidi. Na kama unasikia anatafuta mteja wa nyumba mnayoishi, usisubiri talaka, njoo siku hiyo hiyo, maana nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yako na kuna zuio linaweza kuwekwa kabla haijauzwa.

Wale mnaoishi bila ndoa, habari ya "miezi sita tayari ni mke" haipo kwenye sheria. Sheria inazungumzia miaka miwili na zaidi, na watu wawe wanawajua kama mume na mke, na hata hapo ni dhana tu, mwenzio anaweza kuipinga. Mkithibitisha mliishi hivyo, mahakama inaweza kuangalia mali na watoto.

Matunzo ya mtoto hayasubiri ndoa wala talaka. Anzia ustawi wa jamii, mzazi mwenzio ataitwa, akikaidi shauri linaenda mahakama ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009.

Ardhi nayo kwa ufupi, tangu 2021 baraza la kata halihukumu tena, linasuluhisha tu, lina siku 30, likishindwa unaenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na ukishindwa pale una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Watu wanakuja siku ya 60 wanasema walikuwa wanatafuta nauli. Tunawaelewa, ila inabidi kwanza tuombe kuongezewa muda, na hiyo nayo ni kesi ndani ya kesi.

Kwa walioko Dar, mirathi na ndoa kuna kituo jumuishi cha mahakama pale Temeke, huduma nyingi ziko jengo moja.

Ukija kwetu beba cheti cha ndoa kama kipo, vyeti vya watoto, hati au mkataba wa kiwanja hata wa serikali ya mtaa, na barua yoyote uliyopewa, hasa ile uliyoikunja ukaificha chini ya godoro kwa sababu ilikutisha. Kama hujui kusoma njoo nayo tu, tutakusomea.