Mbu, Inzi, Mbung'o na Konokono: Maswali ya Wakaazi wa Ukanda wa Ziwa

Swali: Je, mbu huambukiza malaria kwa sababu mdomo wake umebaki na damu ya mgonjwa?

Jibu: La. Mbu si sindano iliyotumika. Mbu jike wa aina ya Anofelesi, ambaye huhitaji damu ili mayai yake yakomae, anapomfyonza mtu mwenye vimelea vya malaria, vimelea hivyo hujamiiana tumboni mwake, hupenya ukuta wa tumbo na kuzaana kwa wingi, kisha huhamia kwenye tezi za mate. Katika joto la Kisumu kazi hiyo huchukua takriban siku 10 hadi 14, na mbu wengi hufa kabla haijakamilika. Hapo ndipo ilipo nguvu ya neti yenye dawa: hata mbu akifanikiwa kuuma, dawa ikimuua upesi hatafikia siku ya kuambukiza. Kwa hiyo inasikitisha kuona neti zikianikiwa omena ufuoni ilhali watoto wanalala bila kinga, hasa katika eneo hili ambalo limekumbwa na malaria kuliko sehemu nyingine za Kenya.

Swali: Mbona basi mbu haambukizi HIV?

Jibu: Kwa sababu virusi hivyo haviwezi kuzaana ndani yake, humeng'enywa pamoja na damu. Isitoshe, mbu ana mfereji mmoja wa kufyonzea damu na mwingine wa kuingizia mate, na anachomwingizia mtu ni mate, wala si damu aliyoinywa kwa mwingine.

Swali: Hatuishi karibu na kinamasi. Mbu hawa hutoka wapi?

Jibu: Mara nyingi hutoka kwenye vidimbwi vinavyopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mitaro iliyoziba, na mashimo ya wafyatua matofali yanayojaa mvua. Ukiinama juu ya shimo kama hilo, utaona viluwiluwi vya Anofelesi vikiwa vimelala sambamba na uso wa maji, ilhali vya mbu wengine huning'inia vichwa chini. Shimo lifukiwe mara tu kazi ya matofali inapokwisha.

Swali: Na inzi?

Jibu: Yeye hubeba vijidudu miguuni na katika matapishi yake, kutoka chooni hadi kwenye chakula, bila kusubiri siku hata moja. Funika chakula na shimo la choo.

Swali: Je, malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, bado yapo Bonde la Lambwe?

Jibu: Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya. Hata hivyo mbung'o hawajatoweka, na vimelea huweza kuishi ndani ya ng'ombe na wanyamapori, kwa hiyo mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, rangi zinazomvutia mdudu huyo, bado ina kazi.

Swali: Konokono hamuumi mtu. Anahusikaje na kichocho?

Jibu: Kinyesi chenye mayai ya minyoo ya kichocho kinapofika ziwani, mayai huanguliwa, na kiluwiluwi kinachotoka humo humtafuta konokono na kumwingia. Baada ya wiki kadhaa, konokono huyo hutoa viluwiluwi vya umbo jipya, maelfu kwa maelfu, hasa kuanzia asubuhi jua linapopanda hadi mchana, navyo hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache bila yeye kujua. Wavuvi, wachimba mchanga na vijana wanaoosha magari wakiwa wamesimama majini mjini Kisumu wamo hatarini zaidi, sawa na watoto wanaoogelea penye gugu maji, kwani konokono hupenda kujishikiza hapo. Minyoo ikikomaa hutaga mayai katika mishipa ya utumbo; mengine hukwama kwenye ini na kulidhuru polepole, kwa miaka.

Swali: Nikimeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, nimekingwa?

Jibu: Hapana. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, lakini ile michanga huweza kusalia, na ukirudi majini unaambukizwa upya. Anayeona damu kwenye kinyesi apimwe katika kituo cha afya. Maji ya kuogea yakitekwa bila konokono na kuachwa siku 2, viluwiluwi vilivyomo hufa kabla hujajimwagia.