Uwiano wa sakafu na kiwanja: namba inayoamua hali ya mtaa kuliko idadi ya ghorofa

Jengo jipya refu likitangazwa mtaani, swali la kwanza la watu ni "ghorofa ngapi?" Akisikia ishirini, mmoja anaona maendeleo, mwingine anaona maafa. Lakini mtaa hauelemewi na urefu wa jengo peke yake. Unaelemewa na watu, magari, mizigo, maji na majitaka, na hivyo vyote vinakwenda na ukubwa wa sakafu iliyorundikwa juu ya kipande kimoja cha ardhi. Kipimo chake ni uwiano wa sakafu na kiwanja.

Kukipata ni hesabu ya kawaida. Jumlisha eneo la sakafu zote za jengo, kuanzia ya chini hadi ya juu kabisa, kisha gawanya kwa eneo la kiwanja. Kiwanja cha mita za mraba 600 chenye sakafu za jumla ya mita za mraba 1,800 kina uwiano wa 3. Jengo likijaza kiwanja chote, litakuwa la ghorofa tatu. Likikalia nusu ya kiwanja litafika sita, na likikalia robo tu litafika kumi na mbili. Majengo yote matatu yanabeba sakafu ileile na kuletea barabara takriban mzigo uleule. Tofauti yao ni ardhi iliyobaki wazi chini, yaani asilimia ya kiwanja inayofunikwa na jengo, ambayo ni namba ya pili ya kuuliza.

Miji ilianza kuweka kikomo baada ya kuumia. Mwaka 1915 New York ilimaliza Equitable Building, jengo la mita za mraba zipatazo 111,000 kwenye kiwanja kisichofika eka moja. Uwiano wake unakaribia 30. Lilipanda wima kutoka ukingo wa barabara hadi juu bila kurudi nyuma hata kidogo, likawafunika majirani kwa kivuli. Mwaka 1916 jiji likapitisha sheria iliyolazimisha majengo yapungue upana kadiri yanavyopanda, ndiyo maana minara ya zamani ya kule ina umbo la ngazi. Uwiano wenyewe uliingia katika sheria ya 1961, na kikomo cha maeneo yenye msongamano mkubwa zaidi kikawa 15. Aliyeacha uwanja wa wazi mbele ya jengo alizawadiwa sakafu hadi asilimia 20 zaidi. Wajenzi waliichukua zawadi hiyo kwa wingi, na mengi ya maeneo hayo ya wazi yakabaki matupu, saruji bila kiti wala mti, hata ikabidi masharti yarekebishwe katika miaka ya 1970. Eneo la wazi lililoachwa ili kupata kibali halimfai mpita njia kama hana sababu ya kukaa hapo.

Huku kwetu hoja ya kivuli inabadilika. Desemba, jua la adhuhuri la New York liko chini kiasi kwamba kivuli kinakuwa mara mbili ya urefu wa jengo. Dar es Salaam, hata Juni, kivuli cha adhuhuri hakizidi sana nusu ya urefu huo, na anayetembea kwa miguu anakishukuru. Mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar inapitika saa saba mchana kwa sababu ni myembamba na nyumba zake zinaitilia kivuli. Cha kuogopa pwani ni kuziba upepo. Majengo mapana yakipangwa bega kwa bega mbele ya bahari, kusi na kaskazi haviwafikii walio nyuma, nao wanabaki kulipia umeme wa feni na viyoyozi.

Kwa hiyo nauona wasiwasi wetu juu ya urefu umeelekezwa pasipostahili. Tazama Pipeline, Embakasi, Nairobi. Majengo mengi pale ni ya ghorofa saba au nane, hayana lifti, na hakuna anayeyaita minara. Lakini yanakalia karibu kiwanja kizima. Jengo la ghorofa nane linalofunika asilimia 90 ya kiwanja lina uwiano wa 7.2. Vyumba vya katikati vinapata mwanga kupitia uwazi mwembamba wa ndani, na vya chini huwashwa taa mchana. Watoto wa humo wanachezea kwenye korido na ngazi.

Sasa nenda Kilimani, upande mwingine wa jiji hilohilo. Bangalo la zamani la mita za mraba 200 katika nusu eka lilikuwa na uwiano wa 0.1. Likibomolewa na kupandishwa jengo la ghorofa 15 linalofunika asilimia 35 ya kiwanja, sakafu inafika mita za mraba 10,500, yaani uwiano wa 5.25. Baada ya kutoa korido, ngazi na lifti, zinapatikana nyumba kama 90 za mita za mraba mia moja pale ilipokaa familia moja. Hata hivyo uwiano huo ni mdogo kuliko wa lile jengo la Pipeline. Wakazi wanaolalamika wana haki, maana barabara, bomba la maji na bomba la majitaka havikuzidishwa kwa kiasi hicho. Maji yakikatika, maboza ya maji yanapanga foleni langoni, na barabara ambayo ilikuwa tayari nyembamba inabaki ya gari moja.

Kuna jambo moja uwiano hauwezi kulieleza, nalo naliona kubwa kuliko yote: jengo linagusaje barabara. Majengo mengi mapya ya Kilimani yanasimama nyuma ya ukuta mrefu, nyaya za umeme juu yake, geti moja na mlinzi. Familia tisini zinaishi pale, lakini anayepita kwa miguu usiku hana dirisha la kumwona wala duka la kukimbilia. Wakazi wanatoka kwa gari hata kununua maziwa. Mtaa umeongezewa watu kwa mamia, na njia ya miguu imekuwa pweke kuliko enzi za bangalo. Pipeline, pamoja na shida zake zote, chini ya majengo kuna kinyozi, duka, mama mboga na fundi cherehani, na mtu anatembea usiku kati ya watu.

Kariakoo, Dar es Salaam, inaonyesha pande zote mbili kwa pamoja. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele, ilikuwa na uwiano usiofika 1. Ghorofa kumi zinazojaza asilimia 90 ya kiwanja hichohicho zina uwiano wa 9, na mitaa inayozihudumia ilianza kuchorwa enzi za Wajerumani. Chini kumejaa fremu, yaani vyumba vya maduka, zinazotazama barabara, ndiyo sababu mitaa ya Kongo na Msimbazi haijafa. Wamachinga wanafuata wateja wa fremu, mikokoteni inafuata mizigo, bodaboda inawafuata wote. Tatizo la pale ni mzigo. Sehemu ya maegesho ikigeuzwa stoo, lori linashushia barabarani. Chemba ikizidiwa inafurika mlangoni pa mwenye duka. Baraza, iliyokuwa nafasi ya mwenye nyumba na mpita njia kwa pamoja, imeliwa na ngazi ya kupandia fremu.

Tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi likibandikwa kwenye uzio, au ukiitwa kutoa maoni, omba kuonyeshwa eneo la kiwanja, jumla ya sakafu na asilimia inayofunikwa. Zigawanye mwenyewe, simu inatosha. Kisha linganisha na majengo yaliyokwisha jengwa mtaani, na uulize bomba la majitaka litakalounganishwa lina kipenyo gani na linapokea kutoka viwanja vingapi. Halafu omba mchoro wa sakafu ya chini pekee: mlango wa watu uko wapi, wa magari unakata njia ya miguu mahali gani, na kati ya ukuta na madirisha, nini kitatazama barabara. Mwenye mradi anaweza kukubali kubadilisha vitu hivyo bila kupoteza hata ghorofa moja, mradi aombwe kabla msingi haujachimbwa.