Fangasi ya damu kwa mtoto mahututi, na ile dripu ya njano

Huku kwetu Malindi ukisema fangasi mtu anafikiria choa kichwani, ama ule utando mweupe mdomoni mwa mtoto anaenyonya, unapewa matone ya nistatini yaisha. Sasa mtoto alolazwa ICU, ama njiti wa chini ya kilo moja, daktari akisema anamuanzishia dawa ya fangasi hiyo ni habari nyengine kabisa. Hiyo ni fangasi iloingia kwenye damu, mara nyingi kandida, na nistatini hapo haifui dafu manake haifyonzwi, inapita tumboni tu mpaka itoke.

Kandida tunaishi nayo sote, ngozini na tumboni, haina shida. Shida ni mtoto ana mpira kwenye mshipa mkubwa, amepigwa antibayotiki kali siku nyingi zikaua hata bakteria wazuri walokuwa wanaibana, pengine hata chakula anapewa kwa mshipa, na kinga yenyewe bado changa.

Linalowachanganya wazazi ni hili, majibu ya maabara hayajatoka na dawa ishaanza. Jamani hawabahatishi! Damu inaoteshwa, yaani inawekwa maabara ionekane kama fangasi itaota, inachukua siku kadhaa, na hata mtoto akiwa nayo kweli kipimo kinaweza kuikosa karibu nusu ya mara. Kwa hivyo homa ikikataa kushuka na antibayotiki anazo, chembe za kugandisha damu zinaanguka, wanaanza kwa kushuku tu. Na kuna njiti wengine wanapewa dawa ya fangasi iitwayo flukonazoli mapema kama kinga, hawajaugua bado.

Sasa dawa zenyewe. Flukonazoli ni rahisi lakini kama mtoto alikuwa nayo kama kinga inabidi kubadilisha, na kuna kandida moja inaitwa Candida auris, hiyo mara nyingi flukonazoli haiigusi. Ndo mnaona ile dripu ya njano, amfoterisini B, inachanganywa na maji ya sukari, ukiitia kwenye maji ya chumvi inakatika kama maziwa yalolala, halafu inapitishwa polepole kwa masaa. Inaweza kuleta homa na kutetemeka (vichanga huwa afadhali kidogo hapo), lakini kubwa ni figo, na potasiamu inashuka, ndo maana nesi anarudi na sindano kutoa damu ya kupima, msimgombeze. Iko ile ilofungwa ndani ya mafuta, ni laini zaidi kwa figo, bei ndo kasheshe. Mikafungini na kaspofungini pia ni nzuri, na bei pia si mchezo.

Na dawa kawaida ni wiki mbili, lakini hazihesabiwi tangu ilipoanza, zinahesabiwa tangu damu ilipotoka safi mara ya kwanza, na ule mpira wa mshipa kawaida unatolewa, macho yanaangaliwa kama fangasi haijafika huko. Kwa hivyo ukiwa wodini swali la kumuuliza daktari ni damu iliooteshwa mara ya mwisho ilitoka vipi, na tarehe gani.