Je, wajua kwa nini jiwe lililojenga Lamu halifai kujengea shimo la moto?

Mtu wa Shela, kisiwani Lamu, au wa Malindi akiamua kutengeneza mahali pa kuota moto na kuchoma samaki bustanini mwake, mara nyingi hahitaji kwenda mbali kutafuta mawe. Matumbawe yamejaa tele: mengine yamesalia baada ya ukuta kujengwa, mengine yamechimbuliwa wakati wa kupanda minazi, na yale ya machimboni huuzwa kwa bei anayoimudu mtu wa kawaida. Basi huyapanga mviringo, huweka kuni katikati na kuwasha. Siku za mwanzo duara hilo hupendeza. Baada ya kukoka moto mara kadhaa, jiwe moja hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande, mengine huanza kubanduka magamba, na mvua ikiyanyeshea huvimba, hulainika na kumomonyoka. Ajabu ni kwamba jiwe la namna hiyo hiyo limesimamisha nyumba za Lamu kwa mamia ya miaka, na kuta za mji wa kale wa Gedi, kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, zingali zimesimama msituni ingawa wenyewe waliuhama zamani. Kwa nini basi jiwe lililostahimili mvua, chumvi na karne lishindwe na moto wa kuni?

Jibu limo katika asili ya jiwe lenyewe. Tumbawe ni mifupa ya viumbe wadogo wa baharini, na kwa sehemu kubwa limeundwa kwa kalsiamu kaboneti. Mwamba tunaouchimba nchi kavu ni fungu la bahari ya zamani, lililobaki juu maji yaliposhuka zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Mafundi wa Lamu waliyajua vizuri matumbawe ya aina mbili, gumu la nchi kavu la kujengea kuta, na laini la kukatwa baharini, ambalo walilichonga likiwa bado bichi ili kupata nakshi za vidaka (vishubaka vya ukutani) na milango. Yote mawili yana matundu mengi, na moto huyashambulia kwa njia tatu zinazofuatana kadiri joto linavyopanda.

Ya kwanza ni maji. Jiwe lenye matundu lililolala bustanini hunywa mvua na umande, na likiwa karibu na bahari huwa halikauki kabisa, kwa sababu chumvi iliyomo ndani yake huvuta unyevu wa hewani. Maji yanapogeuka mvuke kwa nyuzi 100 za Selsiasi hutanuka takribani mara 1,700. Moto ukipanda polepole, mvuke hupata nafasi ya kutoka. Ukipanda kwa ghafla, kama unavyopanda tunapomwagia kuni mafuta ya taa, mvuke hukwama ndani na kulipasua jiwe. Vipande vinavyoruka ndivyo vinavyojeruhi macho ya waliokaa kuzunguka moto, na watoto huwa katika hatari zaidi kwa kuwa nyuso zao ziko karibu na kimo cha moto.

Ya pili haionekani kwa macho. Mifupa ya matumbawe hujengwa kwa aina ya kalsiamu kaboneti iitwayo aragonaiti. Ikipata joto la nyuzi 400 na kitu, aragonaiti hujipanga upya na kuwa kalsaiti, ambayo huchukua nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 8 hivi. Upande wa jiwe unaotazama moto hutanuka ilhali upande wa nje umebaki vile vile, na hapo ndipo magamba yanapobanduka, hata kwa jiwe lililoanikwa juani likakauka.

Ya tatu ndiyo inayolimaliza. Kuanzia nyuzi 700 hivi, na kwa kasi zaidi joto linapokaribia 900, kalsiamu kaboneti huachia hewa ya ukaa na kubaki chokaa ambayo haijazimwa, yaani haijatiwa maji. Makaa mekundu ya kuni yanayopulizwa na upepo wa baharini hufika joto hilo bila shida. Kilo 10 za kalsiamu kaboneti safi zikiungua zote, hubaki kilo 5.6 tu; zilizosalia zimekwenda na upepo. Ukiokota jiwe lililokaa ndani ya duara kwa msimu mzima na kulivunja, utaona moyo wake bado una rangi yake ya asili, ukielekea nje unakutana na ukanda wa kijivu, na juu kabisa pana tabaka jeupe linaloacha unga kwenye vidole. Usilishike kwa mkono mtupu. Tone la maji likiangukia unga ule, hufoka, hutoa mvuke na kuvimba, maana chokaa inajizima yenyewe.

Hili si jambo geni kwa watu wa pwani. Chokaa iliyoshikanisha kuta za Lamu na Pate ilipatikana kwa kupanga magogo, mengi yakiwa ya mikoko, kuyarundikia vipande vya matumbawe, kuwasha moto, na baadaye kuiacha chokaa izimike na kukomaa kwa muda mrefu kabla haijatumika. Anayezungushia moto wake matumbawe anatengeneza tanuu ndogo ya chokaa bila kukusudia, na anaitengeneza mahali ambapo watoto wanacheza. Chokaa isiyozimwa huunguza ngozi, na ikiingia machoni yaweza kuleta madhara ya kudumu. Ikitokea, macho yaoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, huku mgonjwa akipelekwa hospitali. Ikiwa ni unga mkavu juu ya ngozi, upanguswe kwanza kabla ya kuoshwa.

Mawe ya simiti hayana nafuu kubwa. Nayo hushika maji, na gundi ya saruji iliyomo hupoteza nguvu joto likifika nyuzi 400 na zaidi. Kitu kilichopakwa zinki, kama vile ndoo ya bati au karai jipya, kisiwekwe kabisa kwenye moto wa kuni, kwa maana zinki huyeyuka kwa nyuzi 420, na ikizidi kupata joto hutoa moshi unaomletea mtu homa na maumivu ya kifua.

Kinachofaa ni kitu ambacho kimekwisha pitia moto kabla ya kufika kwako. Tofali la udongo lililochomwa vizuri limeshapata joto la nyuzi 900 au zaidi, hivyo mabadiliko ambayo moto wako ungeyaleta ndani yake yalitokea zamani, kwenye tanuri la mfyatuaji. Jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani ya bati, lililoenea Kenya nzima tangu miaka ya 1980, limejengwa kwa wazo hilo hilo: udongo unakabili moto, bati linashikilia udongo. Kwa bustani ya Malindi, ambako gari hufika mlangoni, mimi ningechagua matofali ya kuchoma bila kusita. Yagongwe moja moja, kwa sababu lililoiva hulia kwa sauti kali na lisiloiva huitikia kwa sauti nzito. Yakijengwa, yaunganishwe kwa udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi badala ya saruji, au yapangwe makavu tu, yaweze kutanuka na kurudi bila kuvunjana.

Lamu ni hadithi nyingine, kwani kila kitu kizito kinatoka bara, kinapakiwa mashuani Mokowe na kumalizia safari mgongoni mwa punda. Hapo chuma kina faida yake, mradi mnunuzi azingatie unene. Chumvi ya hewani hula chuma mwaka mzima, na moto huharakisha kazi hiyo kwa kukibandua kutu ya juu na kukiacha wazi upya. Nusu pipa ni bati jembamba. Chini yake, pale majivu yanapokutana na mvua, hutoboka mapema kuliko mtu anavyotazamia. Rimu ya lori ya chuma ni nene na hudumu kwa miaka, na kwa maoni yangu hakuna kinachoishinda kwa bei yake. Hakikisha tu kwamba ni ya chuma kweli, kwa sababu rimu za aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660. Sumaku itakuonyesha tofauti. Moto wa kwanza uwashwe watu wakiwa mbali, rangi iliyopakwa iungue yote. Chuma kisichoshika kutu ni bora kwa hewa ya bahari lakini bei yake ni kubwa, nacho chuma cha kusubu hustahimili sana ila hupasuka kikimwagiwa maji baridi kingali cha moto.

Anayependa sura ya matumbawe hana haja ya kuyaacha. Weka pete ya chuma au ukuta wa matofali ndani, acha nafasi ya hewa ya sentimita 5 hadi 10, kisha panga matumbawe nje. Hapo yatapata joto la kuvumilika, na yakijengwa kwa kimo cha baraza watu watakaa juu yake.

Kuhusu ukubwa, upana wa ndani wa sentimita 60 hadi 90 unatosha familia. Wengi hukosea kwenye kina. Shimo refu lililochimbwa mchangani hukinga upepo, lakini joto linalomfikia mtu aliyeketi ni lile linalosafiri kwa mstari mnyoofu kutoka kwenye makaa, na ukingo wa shimo hulizuia. Isitoshe, moto wa shimoni hukosa hewa kutoka chini. Moshi ni sehemu ya kuni iliyogeuka mvuke na gesi bila kupata hewa na joto la kutosha kuungua, kwa hiyo duara lililoinuliwa kidogo, lenye matundu chini, hutoa moshi mchache. Kuni nazo ziwe kavu. Mvinje huwaka kwa joto kali, na vifuu vya nazi vilivyokauka vinatoa makaa mazuri ya kuchomea ngisi au mishikaki. Mikoko iachwe baharini: zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na kuikata kunahitaji kibali. Mbao zilizookotwa ufukweni zina chumvi ambayo ikiungua hutoa moshi wenye sumu, mbao zilizotiwa dawa ya mchwa ni mbaya zaidi, na maganda ya korosho yana mafuta ambayo moshi wake huwasha macho na ngozi.

Mahali pa kuliweka duara panataka kufikiriwa kwa misimu miwili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takribani Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu kutoka kusini kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka, na usiku upepo uitwao umande huvuma kutoka bara kwenda baharini. Kwa hiyo upande uliokuwa salama Januari ndio utakaopeleka cheche kwenye paa la jirani Julai. Kipimo cha kawaida ni mita 3 kutoka kwenye jengo, lakini kwa paa la makuti nisingekubali chini ya mita 10, tena usiku wa upepo mkali moto usiwashwe kabisa. Ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba zimeshikana na vichochoro havipitishi gari la zimamoto, kwa hiyo hapafai shimo la moto la aina yoyote. Na bustani inayotazama ufukwe wanapotagia kasa izungushie moto wake kizuizi upande wa bahari, maana vifaranga wakianguliwa usiku hufuata upande wenye mwanga, na moto huweza kuwavuta kuelekea nchi kavu badala ya majini.

Mwisho wa jioni huja kosa linalorudiwa sana pwani, la kufukia makaa kwa mchanga. Mchanga hauzimi makaa. Huyafunika yasipoteze joto, nayo hubaki ya kuunguza kwa saa nyingi chini ya uso unaoonekana baridi, hadi mtoto apite pekupeku asubuhi. Makaa yaachwe yaungue yaishe, yatawanywe, kisha yanyunyiziwe maji kidogo kidogo huku yakikorogwa, mpaka mkono ukisogezwa karibu usihisi joto. Chini ya chuma pawe na tundu la kutolea maji, na kabla ya mvua za masika, ambazo hapa hufikia kilele mwezi Mei, majivu yote yazolewe na duara lifunikwe. Majivu hayo yasimwagwe kwenye kitalu cha mchicha kilicho juu ya mwamba wa matumbawe, kwa kuwa udongo wa hapo tayari una chokaa ya kutosha. Yapelekwe kwa aliye na shamba la udongo mwekundu huko bara.