Maana ya Stempu Iliyopigwa Muhuri Mapema

Stempu iliyopigwa muhuri mapema ni ile ambayo posta imeibatilisha kabla haijabandikwa kwenye bahasha. Stempu ya kawaida mtu huibandika mwenyewe, akaipeleka barua yake kwenye kaunta, tuseme ya posta ya Lamu, na ndipo karani akaigonga muhuri wenye jina la mji na tarehe. Lakini kampuni inayotuma maelfu ya magazeti au matangazo kwa mara moja ingeichosha posta kwa kazi hiyo, na kwa hiyo huuziwa, kwa kibali maalumu, karatasi nzima za stempu zilizokwisha kubatilishwa, na mzigo wake ukifika huenda moja kwa moja kuchambuliwa.

Ufaransa ilizitumia tangu karne ya kumi na tisa, na Ubelgiji na Kanada zilikuwa nazo pia, ila kwa mkusanyaji uwanja mpana ni Marekani. Huko alama iliyozoeleka ni jina la mji na la jimbo kati ya mistari miwili. Nyingine ziligongwa kwa mkono katika posta za miji midogo, nyingine zikachapwa Washington katika kiwanda cha serikali kuanzia majaribio ya mwaka 1916. Wakusanyaji wengi huzipanga kwa miji, si kwa picha wala thamani, na nadhani hapo ndipo ulipo utamu wake.

Mkusanyaji wa stempu za Lamu huenda akaziona za ajabu. Wakala wa posta ya Wajerumani uliokuwa mjini humo kuanzia 1888 hadi 1891 ulitumia stempu zile zile za Ujerumani, kwa hiyo ni muhuri wa Lamu peke yake unaothibitisha kwamba stempu ilitumika kisiwani, na tarehe yake huongeza thamani. Alama ya mapema kwa kawaida haina tarehe. Hutaja mji ilikotolewa stempu, bila kusema ilisafiri lini.

Stempu zilizopigwa muhuri mapema zisichanganywe na stempu zinazobatilishwa kwa ajili ya kuuzwa kwa wakusanyaji, ambazo mara nyingi bado zina gundi yake yote nyuma. Ukiipata ya mapema ikiwa ingali kwenye bahasha, usiibandue: mistari ya alama hukoma kwenye kingo za stempu bila kugusa karatasi ya bahasha, na ushahidi huo hupotea stempu ikishalowekwa majini.